Tusilinganishe mshumaa na taa, tulinganishe kazi

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika safu yako ya barua tuzungumze na walimu wenzetu, pamoja na wazazi wanaosimamia kazi za shule nyumbani, kuhusu zoezi linalopendwa sana katika masomo ya historia: kulinganisha maisha ya walowezi wa Marekani katika karne ya 19 na maisha ya leo. Kwa kawaida mtoto hupewa karatasi yenye safu mbili. Safu ya kwanza anaandika mshumaa, ya pili taa ya umeme. Kisima, bomba. Gari la maksai, ndege. Baada ya dakika ishirini karatasi imejaa, kila mtoto amepata vema zote, na hakuna aliyejifunza jambo ambalo hakulijua alipoingia darasani.

Zoezi lenyewe ni zuri na tungependa libaki. Linaharibika pale linapolinganisha kitu na kitu. Mshumaa hauna maana kwa mtoto mpaka ajue mafuta yake yalitoka kwa mnyama gani, nani aliyayeyusha, ilichukua muda gani, na mishumaa ilipokwisha watu walifanya nini. Taa ya umeme nayo ni hivyohivyo. Kinachofaa kulinganishwa ni kazi: nani aliifanya, kwa saa ngapi, kwa nguvu kiasi gani, na gharama ilimwangukia nani. Mtoto wa darasa la nne akipewa namba na nafasi ya kuzipima, anaelewa mengi kuliko tunavyodhani.

Tuanze na neno. Vitabu vingine huwaita watu hawa waanzilishi, au watangulizi. Ukimwambia mtoto kwamba fulani alitangulia kufika Nebraska, umeshamwambia kwamba kabla yake hapakuwa na mtu. Kiswahili kina neno sahihi zaidi, mlowezi, linalotokana na kulowea, yaani kuhamia mahali pasipo kwenu na kukaa hadi upazoee kama kwenu. Neno hilo linabeba swali ndani yake, maana mahali pasipo kwenu ni kwao wengine. Wasomaji wanaojua habari za walowezi wa nyanda za juu za Kenya hawahitaji maelezo zaidi. Na tuache kabisa kuandika "Wahindi Wekundu". Waliokuwa kwenye ardhi hiyo walikuwa na majina yao: Wapawnee, Waomaha, Waotoe, Walakota, Wacayuse na wengine wengi, na bado wapo.

Baada ya neno, mwaka. Kosa linalojitokeza mara nyingi ni kuwafanya walowezi wote kuwa wa wakati mmoja. Familia iliyoondoka Independence, Missouri, mwaka 1850 kwenda Oregon kwa gari la maksai na familia iliyolima Nebraska mwaka 1885 zinatofautiana mno. Katikati yao reli ya kuunganisha mashariki na magharibi ilikamilika Promontory, Utah, tarehe 10 Mei 1869, na safari ya miezi ikawa ya wiki moja hivi. Duka la Montgomery Ward lilianza kuuza bidhaa kwa posta mwaka 1872. Mkulima wa 1885 aliweza kuagiza cherehani na ikaletwa kwa treni. Kwa hiyo mwalimu achague mahali pamoja na mwaka mmoja, aviandike ubaoni, na asivifute mpaka somo liishe. Hata wale wa 1850 hawakutengeneza kila kitu kwa mikono yao, kama watoto wanavyoambiwa. Walinunua unga, kahawa, vitambaa, misumari, risasi na viberiti. Mtoto akiambiwa kwamba waliishi bila kununua chochote, atashindwa kuelewa kwa nini mlowezi aliogopa deni kama alivyoogopa ukame.

Zoezi tunalolipendekeza kwa safari ni la mzigo. Chora kwa chaki sakafuni mstatili wenye urefu wa mita 3 na upana wa mita 1.2. Hilo ndilo sanduku la gari lililotumika kwenye Njia ya Oregon, safari ya kilomita zipatazo 3,200. Gari la namna hiyo lilibeba takriban kilo 900 hadi 1,100. Zaidi ya hapo maksai walichoka na mihimili ya magurudumu ilivunjika. Kisha wape watoto orodha ya chakula cha mtu mzima mmoja kama miongozo ya safari ya miaka ya 1840 ilivyoshauri: unga pauni 200, nyama ya nguruwe iliyokaushwa kwa chumvi na moshi pauni 150, sukari 20, kahawa 10, chumvi 10. Wageuze wenyewe kuwa kilo. Watapata kama 90, 68, 9, 4.5 na 4.5, jumla kilo 176. Kwa watu wazima wanne ni kilo 704. Gari likibeba kilo 1,000, zimebaki kilo zisizofika 300 za matandiko, nguo, vyombo, zana, pipa la maji, bunduki, jembe, mbegu na vipuri vya gari. Hapo ndipo darasa linapoanza kubishana, na ubishi huo ndio somo.

Zoezi hili huharibika kwa namna mbili. Ya kwanza, watoto hupanga kwa ukubwa wa kitu badala ya uzito, kwa sababu kadi za karatasi hazina uzito. Basi andika kilo kwenye kila kadi na mpe mtoto mmoja kazi ya karani, asiruhusu kadi kupanda bila kuijumlisha. Ya pili, hakuna anayechukua mhimili wa akiba wala ndoo ya lami na shahamu ya kulainishia magurudumu, kwa kuwa havivutii. Waache wavisahau. Wakiwa "njiani" watangazie kwamba mhimili umevunjika, waone wenyewe. Halafu wakifika ngome ya Fort Laramie, theluthi moja ya safari, waambie maksai wamedhoofu na lazima kilo 150 zishuke. Hivyo ndivyo ilivyokuwa: kando ya njia ile palitapakaa majiko ya chuma, makabati na masanduku yaliyotupwa na wenye mali wenyewe.

Watoto wengi hudhani familia ilipanda gari. Haikuwa hivyo. Gari halikuwa na springi na lilikuwa limejaa chakula. Isipokuwa wagonjwa, wazee na wadogo sana, watu walitembea. Mwendo wa kawaida ulikuwa kama kilomita 24 kwa siku. Gawanya 3,200 kwa 24: siku 133 bila kupumzika hata moja. Uwanja wenye mzunguko wa mita 400 ungehitaji mizunguko 60 kila siku. Darasa litembee mizunguko mitatu kwa pamoja, kwa mwendo wa maksai, yaani taratibu kuliko wanavyopenda, kisha wazidishe. Waulize pia kwa nini safari ilianza mwishoni mwa Aprili au Mei. Wakiondoka mapema, nyasi za kulisha maksai hazijaota. Wakichelewa, theluji inawakuta milimani. Kundi la Donner lilichelewa mwaka 1846, likakwama kwenye milima ya Sierra Nevada, na karibu nusu ya watu wake wakafa. Usieleze kwa watoto wadogo walichokula waliosalia. Tarehe za safari zinatosha kufundisha.

Kuna jaribio dogo linalopendwa na watoto wa sayansi. Mbao za magurudumu zilikauka katika hewa kavu ya mbuga, zikasinyaa, na ukanda wa chuma unaozunguka gurudumu ukalegea hata kuchomoka. Wasafiri waliyaloweka magurudumu mtoni usiku kucha, au wakapigilia vipande vya mti kati ya mbao na chuma. Chukua kipande cha ubao mkavu, pima upana wake kwa uangalifu, kiloweke hadi kesho, pima tena. Kitakuwa kimevimba kwa milimita chache. Sharti upime kwa kukatisha nyuzi za mti. Ukipima kwa kufuata urefu wa nyuzi hutaona tofauti yoyote na watoto watasema historia imewadanganya.

Kuhusu hatari, sahihisheni picha iliyomo vichwani mwa watoto. Muuaji mkubwa wa njia ile hakuwa mishale. Alikuwa kipindupindu, hasa kuanzia 1849 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1850. Maelfu ya watu walipiga kambi palepale walipolala waliotangulia, wakachota maji palipochafuliwa na vinyesi vya jana. Hawakujua chanzo. Daktari John Snow alionyesha uhusiano wa ugonjwa huo na maji London mwaka 1854, na ilichukua miaka zaidi kabla elimu hiyo haijakubaliwa. Baada ya ugonjwa zilifuata ajali: kuzama kwenye vivuko vya mito, watoto kuangukia chini ya magurudumu, bunduki kufyatuka zenyewe ndani ya gari. Wenyeji mara nyingi walikuwa waongozaji, wavushaji na wauzaji wa chakula. Kipindupindu kinafaa sana kulinganishwa na leo, kwa sababu dawa yake ya kwanza, maji safi na chumvi na sukari iliyopimwa, ni rahisi mno, na bado kinaua pale maji safi yanapokosekana.

Tukija kwenye maji ya nyumbani, hapa ndipo tungependa walimu wakae muda mrefu kuliko kwingine kote. Siku ya kufua katika nyumba ya shamba, kuosha mara moja, kuchemsha mara moja na kusuuza mara moja kulihitaji kama lita 200 za maji. Lita moja ni kilo moja. Kwa ndoo ya lita 10 ni safari 20. Kisima kikiwa mita 100 kutoka nyumbani, mchotaji ametembea kilomita 4, mbili kati yake akiwa na kilo 10 mkononi, kabla hajagusa nguo hata moja. Maji yakachemshwe kwa kuni, au kwa mavi makavu ya nyati wa Amerika na ya ng'ombe kwenye mbuga zisizo na miti, na watoto ndio waliotumwa kuyaokota. Maji machafu nayo yalibebwa kwenda kumwagwa. Kazi hiyo yote ilikuwa ya mama na mabinti. Safu mbili za "kisima" na "bomba" haziwezi kuonyesha jambo hilo.

Fanyeni kwa vitendo, lakini kwa kiasi. Mtoto wa kilo 30 asibebe zaidi ya kilo 3. Abebe chombo kisicho na kifuniko kwa mita 100, aende na kurudi mara mbili, na karani aandike kilichochotwa na kilichofika. Maji yanayomwagika njiani yataongeza safari kwenye hesabu, na watoto wenyewe watagundua kwa nini wachotaji huweka jani au kibao lielee juu ya maji ya ndoo. Kisha geukeni upande wa leo kwa uangalifu uleule. Mashine ya kufulia ya mlango wa mbele hutumia kama lita 50. Nani anazisukuma hadi kwenye mashine? Kuna pampu, kuna mtambo wa kusafisha maji, kuna fundi wa mabomba, kuna ankara ya mwezi. Kazi haikupotea, imehamia kwa watu ambao mtoto hawaoni. Swali tunalolipenda kuliko yote ni hili: kikiharibika kitu kimoja, kila upande utakaa siku ngapi?

Na "leo" si ya kila mtu. Katika darasa lolote la wasomaji wako wamo watoto waliochota maji asubuhi hiyohiyo kabla ya kuja shule. Karatasi inayosema "Leo: bomba" inawaambia kwamba wao si wa leo. Wapeni nafasi ya wataalamu: wao ndio wanaojua kata inavyojipachika kichwani, ndoo inavyokata vidole, na saa ngapi foleni huwa fupi. Marekani yenyewe ina kaya nyingi katika ardhi ya Taifa la Navajo zisizo na maji ya bomba hadi sasa.

Siagi ni kazi ya mikono iliyo salama kwa umri wowote, tofauti na sabuni ya majivu, ambayo magadi yake huunguza ngozi na macho, na mishumaa ya kuchovya, ambayo shahamu yake moto haifai kwa darasa la watoto arobaini. Hizo mbili zielezwe tu. Kwa siagi, tia mililita 250 za malai yenye mafuta asilimia 35 ndani ya chupa ya plastiki ngumu ya lita moja yenye mdomo mpana. Isijazwe zaidi ya theluthi, maana bila nafasi ya kurukaruka malai hayapigiki. Joto lake liwe kama nyuzi 15. Yakiwa moto, utapata rojo la mafuta lisiloshikamana. Yakiwa baridi sana, mtasukasuka mpaka mikono ife. Katika dakika chache malai yatakuwa mazito na sauti ndani ya chupa itanyamaza. Hapo watoto hudhani wamemaliza, wakaacha. Waambie waendelee. Ghafla sauti inarudi, maji meupe yanajitenga na donge la manjano. Kwa jumla ni dakika 10 hadi 20. Mimina maji hayo, osha donge kwa maji baridi huku ukilikanda kwa mwiko mpaka maji yatoke safi kama yalivyoingia. Usipofanya hivyo siagi itachacha upesi. Utapata kama gramu 100. Usitumie malai ya pakiti yaliyoongezwa vizuizi vya kutengana, kwani hayakubali.

Sasa hesabu. Gramu hizo 100 zimetoka katika lita mbili na zaidi za maziwa, yaliyowekwa kwenye sinia pana usiku kucha ili malai yapande juu, baada ya ng'ombe kulishwa, kunyweshwa na kukamuliwa. Watoto wakijaribu kutega malai kutoka maziwa ya pakiti hayatapanda, kwa sababu kiwandani chembe za mafuta zimepasuliwa ndogondogo. Hilo ni jibu zuri la swali "leo ni tofauti gani?" kuliko kuandika "duka". Na watoto ambao kwao maziwa bado husukwa kwenye kibuyu watakuwa wamejua habari ya sauti kunyamaza na kurudi kabla ya mwalimu.

Nyumba. Kwenye mbuga za Nebraska na Kansas miti ilikuwa adimu, hivyo walowezi walikata udongo wenyewe pamoja na nyasi na mizizi yake iliyofumana. Jembe maalumu lilichana ukanda wenye upana wa sentimita 30 na unene wa 10, ukakatwa vipande vya hadi sentimita 90. Kipande kama hicho kilikuwa na kilo 22 hivi. Vilipangwa nyasi zikitazama chini, viwili kwa upana, ukuta ukawa na unene wa sentimita 60, na kila baada ya tabaka chache safu moja ilikatishwa ili kufunga ukuta. Wape watoto nyumba ya mita 5 kwa 6, kuta za mita 2.4, wakokotoe. Mzingo ni mita 22. Mjazo wa kuta ni karibu mita za ujazo 32. Kila kipande ni 0.027. Ni vipande karibu 1,200 kabla ya kutoa mlango na dirisha, zaidi ya tani 25 za udongo zilizobebwa kwa mikono. Msikate udongo wa uwanja wa shule. Maboksi ya vipimo hivyo yanatosha kuonyesha mpangilio. Nyumba hizo zilikuwa na joto wakati wa baridi na ubaridi wakati wa kiangazi, na ukuta haukushika moto. Paa ndilo lililokuwa tatizo: mvua ikinyesha siku moja, ndani palidondoka matope siku mbili au tatu, na kitambaa kilitundikwa darini kuzuia udongo, panya na nyoka wasiangukie mezani.

Msiishie hapo. Mahali palepale, kabla ya walowezi, Wapawnee walijenga nyumba kubwa za mviringo kwa nguzo, matete na udongo, mlango ukitazama mashariki, zenye kuchukua familia kadhaa. Wanawake walilima mahindi, maharage na maboga, na mara mbili kwa mwaka kijiji kiliondoka kuwinda nyati. Weka safu hii ya tatu kwenye karatasi na kila kitu hubadilika. Watoto wanaona kwamba watu wawili waliikabili mbuga ileile isiyo na miti na wote wakafikia udongo, ila mmoja alikuwa na uzoefu wa vizazi na mwingine alikuwa anajifunza.

Kisha fundisheni ardhi ilivyopatikana. Tarehe 20 Mei 1862 Abraham Lincoln alitia saini sheria iliyompa mkuu wa kaya, au mtu wa miaka 21 na zaidi, wakiwemo wanawake wasioolewa na wahamiaji waliokusudia kuwa raia, ekari 160 kwa sharti la kuishi hapo miaka mitano, kujenga na kulima. Ada zote zilikuwa dola 18. Watoto hushangaa kwa bei hiyo, na mshangao huo utumieni: kitu cha bei ndogo namna hiyo kimelipiwa na nani? Wapawnee, baada ya mfululizo wa mikataba, walibakiwa mwaka 1857 na kipande kando ya mto Loup, na katikati ya miaka ya 1870 walihamishiwa eneo ambalo leo ni Oklahoma. Oregon nako palikuwa na sheria, ya kwanza mwaka 1844, za kuwazuia watu weusi kukaa huko. Kwa sababu hiyo George Washington Bush, mtu mweusi aliyesafiri njia ile mwaka huohuo, alikwenda kuweka makazi kaskazini ya mto Columbia. Na mwaka 1877 watu waliotoka utumwani walianzisha mji wa Nicodemus huko Kansas. Mambo haya matatu yakiwekwa pamoja, mtoto hana haja ya kuambiwa amhukumu nani. Atauliza mwenyewe. Tunachoomba ni kwamba msiigize: msimpe mtoto mmoja manyoya avae na mwingine bunduki ya mti. Maumivu ya kufukuzwa hayageuzwi mchezo wa jukwaani, na mavazi yale ni ya heshima kwa wenyewe.

Ardhi hiyo haikuwa zawadi rahisi hata kwa waliopewa. Mwaka 1874 nzige wa Milima ya Rocky walifunika mbuga hizo, wakala mazao, vitambaa na mipini ya majembe iliyoloa jasho. Wengi waliondoka. La kushangaza ni kwamba nzige huyo ametoweka duniani. Wa mwisho aliye hai alikamatwa mwaka 1902, na sababu inayotajwa zaidi ni kwamba wakulima walilima na kumwagilia mabonde alikotaga mayai. Kwa watoto wanaolijua janga la nzige kwa macho, hapa pana mjadala wa saa nzima.

Jambo moja dogo ambalo karatasi za safu mbili hulificha kabisa ni miaka ya katikati. Mtoto huruka kutoka mshumaa hadi simu ya mkononi kana kwamba watu walilala jioni wakaamka na umeme. Katikati ya miaka ya 1930 ni mashamba kama moja kati ya kumi tu Marekani yaliyokuwa na umeme, na serikali iliunda wakala maalumu mwaka 1935 ili nyaya zifike vijijini. Ongezeni safu ya 1935 na mtaona kwamba mjukuu wa mlowezi alikuwa bado anawasha taa ya mafuta.

Kwa picha, tafuteni zile za Solomon Butcher, aliyeanza mwaka 1886 kupiga picha za familia mbele ya nyumba zao za udongo katika wilaya ya Custer, Nebraska. Familia ilitoa nje vitu ilivyojivunia. Watoto wahesabu vilivyonunuliwa na vilivyotengenezwa, wataje nani amesimama karibu na nini. Waambieni pia kwamba Butcher wakati mwingine alichora kitu juu ya picha pale ilipoharibika, ili wajue mapema kwamba hata picha huulizwa maswali.

Ombi letu kwako, Mhariri, ni kuhusu ukurasa wa watoto. Mara nyingine mtakapochapisha picha ya gari la turubai likivuka mbuga, chini yake tunaomba mwandike mambo matatu: mahali, mwaka, na jina la taifa ambalo ardhi hiyo ilikuwa yake gari lilipopita.

Wako katika kazi,
Walimu wa Historia na Maarifa ya Jamii, shule ya msingi